Nilivyowasha Mashine ya Marehemu Nikiwa Edani

Sina sababu ya kukudanganya. Anayetunga uongo hujipamba, na katika haya ninayokuambia hakuna mahali hata pamoja nilipojipamba. Kama ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi kuliko niliyo nayo. Basi sikiliza, na ukitaka kucheka cheka, maana mtaa wetu mzima wa Bwaise umeshacheka, lakini usiniambie niliota. Sikuota. Ulikuwa mchana, umeme ulikuwepo, na chai yangu ilikuwa mezani bado inatoa moshi.

Watu wa mtaa wetu wanasema niliingiza mwanamume ndani nikiwa nakaa eda. Hilo ndilo wanalolijua, na aibu hiyo nimeizoea. Napita sokoni, wananyamaza, nanunua nyanya zangu naondoka. Aibu ninayokueleza leo ni nyingine, na wanaoijua ni wawili tu duniani: mimi na mama mkwe wangu.

Mume wangu aliitwa Swaleh. Sisi ni Wanubi, watoto wa watoto wa askari wa zamani, na kwetu mwanamume hujulikana kwa kazi yake na kwa mama yake. Kazi yake ilikuwa vipuri vya magari, duka lilikuwa Nateete. Lakini mapenzi yake yalikuwa kompyuta. Ile ya nyumbani aliiunda mwenyewe, kipande hiki kutoka huku, kipande kile kutoka kule, akaiwekea Linux kwa sababu alisema hataki mashine ya kumpa amri ndani ya nyumba yake, mke anatosha. Jioni alikuwa ananiketisha pembeni yake, yeye anatafuna njugu na kudondosha maganda kwenye kibodi, mimi naandika anachosema. Ndivyo nilivyojifunza. Alinieleza kwamba ndani kabisa ya mashine kuna kitu kinaitwa kerneli, ndicho kinachoamka kwanza halafu kinawaamsha wengine wote: skrini, kibodi, spika, kamera. Kisipokifahamu kifaa, kifaa hicho unaweza kukichomeka mpaka uchoke, kwa mashine ni kama hakipo.

Swaleh aliugua figo, akalazwa hospitali ya Mulago, akafa kabla hatujaamini kwamba anaumwa. Mama yake alikuwa Arua kwa dada yake. Alipopigiwa simu alipanda basi hapohapo, lakini mvua ilikuwa imekata barabara, na unajua sisi Waislamu hatulazi maiti. Wanaume waliamua, marehemu akaoshwa, akaswaliwa, akazikwa. Mama aliteremka kwenye basi watu wanarudi kutoka makaburini, viatu vina udongo. Hakuuona uso wa mwanawe. Tangu siku ile alikuwa anauliza swali moja tu, kwa yeyote aliyekaa naye: "Mlishindwa kuningoja hata kidogo?"  Usiku nilikuwa namsikia anamuuliza Mungu.

Akabaki kwangu kunisimamia eda, na eda ya kusimamiwa na mama mkwe si mchezo. Sipaki wanja, sijifukizi, sivuki kizingiti, sauti yangu isimfikie mwanamume wa kando. Vioo vyote vya nyumba alivifunika kwa vitambaa, maana mwenye eda hajitazami. Hata televisheni aliifunika. Kompyuta ilikuwa pale pembeni, imezimwa, na hakuna aliyekumbuka kwamba nayo ni kioo.

Sasa, binti yetu Hawa alikuwa ameomba nafasi ya kwenda kusoma uuguzi ng'ambo. Mtihani wa kumchuja ulikuwa unafanywa kwenye kompyuta, mtoto akiwa peke yake chumbani, mlango umefungwa, kamera inamtazama asije akaiba majibu. Simu wenye mtihani hawakuitaka. Mgahawa wa intaneti hawakuutaka, kuna watu. Alikuwa amejiandaa tangu baba yake yu hai, na baba yake ndiye aliyemnunulia kamera mpya kwa ajili hiyo, ikakaa kwenye boksi lake mpaka siku ya mtihani yenyewe. Lawama ya kuchelewa hivyo ni yangu. Sikuwa na nguvu ya kugusa vitu vyake.

Asubuhi ile tukaichomeka. Kimya. Mashine haikuiona. Hawa akatafuta kwenye simu, akasoma, akasema, "Mama, inataka kerneli mpya. Hii ya baba ni ya zamani."

"Tumwite fundi," nikasema.

"Fundi ni nani?" Mama mkwe akauliza kutoka kwenye mkeka wake.

"Kuna kijana mmoja pale barabarani, Habuba," Hawa akamjibu bibi yake. "Ni kazi ndogo tu."

"Kijana ni mwanamume."

"Atakaa na mimi. Mama atajifungia chumbani."

"Nimesema. Nyumba hii ina eda. Mwanamume hataingia mpaka iishe, hata kama amekuja kuzima moto."

Huyo ndiye mama mkwe wangu, na simlaumu. Nikamwambia Hawa asilie, nitaiweka mwenyewe. Mtihani ulikuwa saa kumi jioni, na mchana ulikuwa bado mrefu.

Tukaunganisha simu ili tupate intaneti, nikaandika amri kama alivyonifundisha, nikaweka nywila, mistari ikaanza kupanda kwenye skrini. Nje mvua ilikuwa imeanza. Hawa alitaka blauzi yake nyeupe ipigwe pasi, kwa sababu kamera itamwona, na pasi yetu ilikuwa imeungua. Akaichukua blauzi kwenda kwa Nalongo, jirani yetu ng'ambo ya kichochoro, mama wa mapacha, anayewapigia watu pasi kwa mkaa barazani kwake. Mama akamfuata akisema mtoto asipigwe na mvua peke yake, ingawa nilijua anataka kukaa na Nalongo wazungumze. Nikafunga mlango kwa komeo, kwa desturi ya eda, nikarudi kwenye kiti.

Unajua mvua ya Bwaise. Haichukui muda, mfereji unafurika na kichochoro kinakuwa mto. Nikajua hao wamekwama kule mpaka maji yapungue.

Kerneli mpya ikamaliza kuingia. Nikawasha mashine upya. Nembo ikaja, ikaondoka, yakaja maandishi machache pale juu kwenye kona, halafu skrini nzima ikawa nyeusi na ikabaki nyeusi. Nikangoja. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile. Hakuna. Nikaizima kwa nguvu, nikaiwasha tena, hali ikawa ileile. Machozi yakaanza kunitoka, na sikulia kwa ajili ya Swaleh safari hii, nililia kwa ajili ya mtoto wake na ujinga wangu.

Chumba kilikuwa na giza la mvua, taa ya darini inawaka nyuma yangu. Nikafuta macho kwa ncha ya mtandio, nikatazama skrini. Nikajiona. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wangu tangu msiba, nikashtuka nilivyochakaa. Kisha nikaona siko peke yangu.

Nyuma yangu, kwenye mkeka, mgongo ukutani na miguu kaikunjua kama alivyokuwa akikaa akitoka dukani, alikuwepo Swaleh.

Niligeuka. Mkeka ulikuwa mtupu. Nikatazama skrini. Alikuwepo. Amevaa shati la bluu, lile alilokwenda nalo hospitali. Uso wake ulikuwa umejaa, wa zamani, si ule wa siku za mwisho. Wewe ungefanya nini? Usinijibu haraka. Mimi mwenyewe siku zote nilisema ningepiga kelele. Sikupiga. Kitu cha kwanza nilichofanya, Mungu anisamehe, nilitengeneza mtandio kichwani nikaficha mvi.

"Mama Hawa," akasema, na sauti ilitoka nyuma yangu, palepale mkekani, si kwenye mashine. "Umeweka mpya bila kuniuliza."

"Ningekuulizia wapi, Baba Hawa?"

Akacheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi, kile kikohozi chake cha vumbi la dukani. Nami nikacheka. Niamini, nilicheka kwa sauti kubwa, mimi mjane, mlango umefungwa kwa ndani.

Akaniambia tatizo ni kadi ya picha, ni ya zamani na haielewani na kerneli mpya. Niwashe upya, ikija menyu nibonyeze herufi e, niende mwisho wa mstari unaoanza na linux, niongeze neno moja, nomodeset, mashine itawaka na kamera itaonekana. Alinieleza polepole kama siku zote. Nilielewa mara moja. Kidole hakikwenda.

Kwa nini hakikwenda? Kwa sababu sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilikuwa namwona kwa kuwa skrini ilikuwa nyeusi. Ikiwaka, atakwenda wapi?

"Washa," akasema.

"Ngoja kidogo."

Nikaanza kumgombeza. Nilimwambia alinificha ugonjwa, alijidai mgongo unamuuma, akaniacha nimkande mafuta wiki nzima wakati figo zinakufa. Akasikiliza. Akasema aliogopa uso wangu kuliko ugonjwa. Nikamwambia habari za duka, za mdogo wake aliyebadilisha kufuli, za Hawa anayesoma mpaka analala juu ya daftari. Akaniuliza kama chai bado naweka tangawizi nyingi. Mambo ya kipuuzi! Mtu amerudi kutoka kwa wafu na mimi nazungumza naye tangawizi. Lakini sijawahi kuwa na furaha kama ile, na hilo nalo linanitia aibu, kwamba furaha kubwa ya maisha yangu niliipata mbele ya mashine iliyokwama.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

Nilitazama saa ukutani. "Bado mapema," nikasema, na haikuwa mapema.

"Mama yuko wapi?"

"Kwa Nalongo. Maji yamejaa kichochoroni."

"Mwite."

"Ataanguka, Swaleh. Atakuja mwenyewe."

 Nilimwona anachezea kifungo cha shati. "Nilimngoja sana kule," akasema. "Nilitaka anione. Akija, mwache anione kwanza, ndipo uwashe."

"Sawa."

Nilisema sawa. Nataka ulijue hilo vizuri, kwamba nilimwahidi kwa mdomo wangu. Na ningeweza kusimama pale, nikafungua dirisha na kumwita mama yake, maana kwa Nalongo si mbali, ukiita unasikika hata mvua ikinyesha. Sikumwita. Nilijiambia ni kwa ajili ya maji. Ukweli ni kwamba nilikuwa simtaki mtu mwingine pale. Nilimtaka peke yangu, hata kwa dakika zile, nikamnyima mwanamke aliyemzaa.

Mvua ikapungua bila mimi kusikia. Nilikuwa namcheka Swaleh kwa neno fulani, naye anakohoa, niliposikia miguu inachapa maji nje, karibu kabisa na ukuta.

"Mama Hawa!" Ilikuwa sauti ya Nalongo, na Nalongo akisema kitu Bwaise yote inasikia. "Mama Hawa, uko na nani huko ndani? Mimi nasikia mwanaume anakohoa, banange!"

Kisha Hawa: "Mama?"

Kisha mama mkwe, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo: "Fungua mlango."

Sasa nieleze vizuri kilichopita kichwani mwangu, maana ndicho kisa chenyewe. Hakikupita kwamba huyu ni mume wangu, niliyeozwa naye mbele ya mashahidi. Hakikupita kwamba mlangoni amesimama mtu mmoja anayemhitaji kuliko mimi. Kilichopita ni hiki: mjane, eda, mlango una komeo, sauti ya mwanamume, kicheko. Nikaona midomo ya wanawake wote wa Bwaise. Hakuna mwanamume duniani aliyekuwa halali kwangu kuliko yule, na bado mwili wangu uliruka kama mwizi.

"Huyo ni mama," Swaleh akasema nyuma yangu. Nilimwona anajiinua kutoka mkekani, mkono mmoja ukutani, anatengeneza shati lake. Alikuwa anatabasamu. "Fungua, Mama Hawa. Mwache aingie kwanza."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuwasha upya. Nikabonyeza.

Skrini ikameta nyeupe, nembo ikaja. Hakusema neno. Nadhani alikuwa bado hajamaliza kusimama.

Nilifungua mlango. Mama aliingia na maji mpaka magotini, hakunitazama. Alifunua pazia la chumbani, akainama chini ya kitanda, akafungua kabati, akasukuma nguo kwa mikono miwili. Nalongo alisimama mlangoni na mwavuli wake, macho yanazunguka nyumba nzima yakihesabu pa kujificha. Dirisha la nyuma lina nondo, hakuna pa kutokea, lakini macho hayo yalikuwa yameshaamua. Hawa hakutafuta chochote. Alisimama na blauzi yake kwenye mfuko wa plastiki, akanitazama mimi, kisha saa, kisha mashine.

"Mama, mtihani," akasema.

Nilikaa. Menyu ilikuwa imefika. Nikabonyeza e, nikaenda mwisho wa mstari, nikaandika lile neno. Mikono ilijua inachofanya. Mashine ikawaka, maandishi makubwa kupita kawaida, ila ikawaka, na taa ya kijani ya kamera ikatokea. Hawa akavaa blauzi palepale, akaketi, tukatoka sote. Alichelewa kidogo tu. Walimkubalia.

Nalongo akaenda zake, na alikuwa na haraka, maana habari haitaki kupoa. Tukabaki barazani, mimi na Mama, kwenye benchi moja. Mbele yetu maji ya mfereji yalikuwa yanapita na takataka zake. Nilingoja anitukane, na nilikuwa tayari.

"Alikuwa nani?" akauliza.

Ungejibu nini wewe? Nikisema hakukuwa na mtu, mimi ni malaya. Nikisema ukweli, mimi ni mwendawazimu. Nikachagua wazimu. "Swaleh," nikasema.

 Nilidhani anakusanya matusi. Kumbe alikuwa anakusanya pumzi.

"Amevaa nini?"

"Shati la bluu."

"Lile lililochanika kola?"

"Nililishona, Mama."

"Alikuwa amekonda? Waliniambia alikonda sana."

"Hapana. Alikuwa na uso wake."

Akaziba mdomo kwa ncha ya gurubaba aliyojifunga.  Sikujua niweke mikono yangu wapi. Kisha akageuka, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza siku ile, na uso wake ulikuwa na tumaini kama la mtoto mdogo. Nilitamani anipige.

"Aliniulizia?"

Hapo ningeweza kumdanganya. Nimeufikiria uongo huo mara nyingi tangu siku ile, ulikuwa tayari, mdogo tu, na ungemfaa. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshachoka kuficha.

"Alikuulizia," nikasema. "Alisema alikungoja hospitali. Alisema ukija nikuache umwone kwanza, ndipo niwashe mashine. Alikusikia mlangoni, akasimama akupokee."

"Na wewe?"

"Nilimsikia Nalongo akisema mwanamume. Nikaona haya. Nikabonyeza."

Mama aliyatazama maji. Nilimwona anaipanga ile picha kichwani, yeye nje, mwanawe ndani, na kati yao mlango na kidole changu.

"Ulimwonea aibu mwanangu," akasema. Hakupandisha sauti. "Ukamficha, mimi nimesimama mlangoni."

Hakuongeza neno, na mpaka leo hajaongeza.

Hawa alifaulu. Yuko ng'ambo, anasoma, na akipiga simu ya video huniuliza, "Mama, mashine inaendeleaje?" kwa sababu bado anaamini kwamba siku ile nilikuwa najisemea peke yangu kwa majonzi. Nimemwacha aamini hivyo. Eda yangu iliisha, na siku ya kutoka hawakuja hata nusu ya wanawake waliopaswa kuja. Mama hakurudi Arua. Yuko nami.

Na kuna siku, mchana, mvua ikinyesha, huja akasimama nyuma ya kiti changu. Hasemi anachotaka. Mimi nawasha mashine bila kuongeza lile neno, ili kerneli mpya ikwame kama ilivyokwama, na skrini inakuwa nyeusi. Naondoka kwenye kiti, anakaa yeye. Anaipangusa kwa kiganja. Anamsemesha mwanawe kwa Kinubi, anamwambia nani kazaa, nani kafa, mihogo ya Arua ikoje mwaka huu. Mimi nakaa mkekani, pale alipokaa Swaleh, na kwenye skrini tunaonekana wanawake wawili. Hajaja tena. Nimejaribu na kerneli ya zamani, nimejaribu na mashine ikiwa imezimwa kabisa. Siku moja niligeuka nikamkuta Mama amelala hapo hapo, paji la uso limegusa kioo.

Lakini si hilo linaloniua. Linaloniua ni kitu kilichotokea baadaye, walipokuja wanawake watatu wa jumuiya kumuuliza Mama waziwazi, mbele yangu, kama ni kweli mkwewe aliingiza mwanamume ndani akiwa edani. Nalongo alikuwa mmoja wao. Neno moja la Mama lingenifukuza nyumba ile na mtaa ule, na sitetei nafsi yangu, lilikuwa haki yake. Mama aliweka kikombe chini.

"Mimi niliingia," akasema. "Nilitafuta mpaka chini ya kitanda. Hakukuwa na mtu."

Wakamtazama Nalongo. Nalongo akainama. Wakanywa chai yao, wakaondoka, na Mama akaingia chumbani akafunga mlango, akakaa humo mpaka magharibi. Nilisimama nje ya mlango ule nikashindwa kubisha. Ili anitetee mimi, ilimlazimu aseme kwa kinywa chake kwamba mwanawe hakuwepo.

Basi nawe unayenisikiliza, sikukatazi kuweka kitu kipya kwenye mashine ya marehemu, weka, watoto wasome. Ninalokuonya ni moja. Wako akija, mchana au usiku, kwenye kioo au kwenye kiti, usimfanye wako peke yako, na usiulize majirani watasemaje. Majirani watasema tu. Fungua mlango, umwite mama yake.